Usingizi Chini ya Lori Bubu

Mtakaosoma haya, niwieni radhi kabla hamjaanza. Mwandiko wangu umelalia upande mmoja kama ua uliosukumwa na mbuzi, na maneno mengine sina hakika kama huandikwa hivi. Niliishia darasa la nane. Tangu hapo mkono wangu umeshika sindano zaidi ya kalamu, kwa hiyo naandika mstari mmoja, nautazama, kisha naanza mwingine. Atakayepiga chapa nimemwomba anirekebishie herufi tu. Mambo ayaache yalivyotokea.

Nashona maturubai ya malori. Pahali pangu ni ndani ya yadi moja ya Magongo, karibu na geti, na kutwa nzima turubai huwa limenifunika magoti. Ni kazi inayonifaa, maana sina maneno mengi. Mwenye turubai huja akanionyesha kwa kidole palipopasuka, nami huitikia kwa kichwa, tumemaliza. Aliyeniingiza yadini ni baba yangu. Yeye ni fundi wa breki, na yuko pale tangu sijazaliwa. Nikimkumbuka wakati nilipokuwa mdogo, uso wake haunijii. Naikumbuka miguu miwili ikitokeza chini ya lori, na sauti yake ikiimba kwa puani huko ndani.

Lazima nieleze jinsi watu wa yadi wanavyolala mchana, la sivyo hamtanielewa. Pale hakuna mti. Kuna vumbi jeupe, kuta za mabati, na makontena yanayochoma mkono ukiyagusa. Adhuhuri ikishapita, kivuli kilichobaki ni kile cha chini ya tela, yaani kile kitanda kirefu cha chuma kinachovutwa na lori na kubeba kontena. Basi mafundi, matanboi wanaowasaidia madereva safarini, na madereva wanaongoja zamu ya bandarini huchukua kila mtu boksi lake, akalikunjua, akaingia chini na kulala. Mgeni akiwaona hudhani ni watu wasiojipenda. Lakini miaka yote hiyo sikusikia mtu amekanyagwa, na sababu ni kwamba lori lenyewe lilikuwa likiwaamsha.

Breki za lori hushika na kuachia kwa nguvu ya upepo. Lori kuukuu la dizeli likikaa limesimama, upepo wake huvuja. Dereva akitaka kuondoka hupiga stata, injini ikanguruma, kisha hana budi kukaa akisubiri matangi yajae upepo, maana bila hivyo magurudumu hayaachii. Wakati huo ardhi yote hutetemeka. Aliyelala chini huisikia kwenye mbavu kabla ya masikio. Huamka, hukusanya boksi lake, hutambaa nje, hutema mate, na kwenda kumalizia usingizi chini ya lori jingine. Baba alikuwa akifanya hayo yote macho yakiwa nusu. Hakuna dereva aliyekuwa akiinama kutazama chini, wala hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Haukuwa uzembe. Kila mtu alijua kwamba lori huaga.

Kwanza yalikuja mabasi ya stima, yaani ya umeme. Mama yangu alipanda moja kwenda mjini, akarudi akilisifu: halina moshi, halitikisiki, mtu anasikia hata jirani yake akimeza mate. Nami nilifurahi. Sisi tunaokaa kando ya barabara ya Magongo tunaujua moshi. Shuka ukiianika asubuhi, jioni unaikuta na mstari mweusi pale ilipokunjwa kwenye kamba, na mdogo wangu hulala kifua kikimpigia filimbi. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayetaka dizeli irudi. Sitaki.

Halafu mwenye yadi akaleta lori la stima, la kuvuta makontena kutoka bandarini hadi kwenye bohari. Muda si mrefu likaja la pili. Ukutani ikafungwa mashine ya kuchajia, yenye waya mnene kama mkono wa mtoto, na ndani yake feni inayovuma wakati wote stima inapoingia kwenye lori. Watu walitoka vibandani kuja kutazama. Dereva alikuwa kijana wa bara, mpole, aliyepelekwa kufundishwa kazi hiyo. Alipita mbele ya wazee bila salamu, kwa haya zaidi ya kiburi, na baba akamwitikia "Marahaba" kabla hajasema kitu. Kijana akacheka, akarudi akatoa shikamoo yake. Kisha akapanda akawasha. Sisi tukangoja kusikia. Lori likasogea mbele yetu bila neno, vumbi likitimka kwenye magurudumu, na dereva mmoja mzee aliyekuwa amekalia tairi akasema, "Hili ni bubu." Jina likabaki hapo.

Nilichokiona siku ile, na sikumwambia mtu, ni kwamba watu walisogea wakiwa wamechelewa. Hakuna aliyepisha mpaka alipoliona kwa macho, na aliyekuwa amelipa mgongo alivutwa na mwenzake kwa shati.

Baba alilikagua lori hilo kwa tochi, gurudumu kwa gurudumu, akatoka ametulia kwa namna isiyonipendeza. Kijana alimweleza kwamba matangi yake ya upepo hujazwa likiwa bado kwenye chaji, na kwamba dereva akiondoa mguu, stima yenyewe hulizuia lori lisikimbie, kwa hiyo breki hazitumiki sana. Baba alikuwa ameziona, mpya kama zilivyotoka kiwandani. Akaniambia huku akijifuta mikono isiyokuwa na uchafu, "Hizi breki zitanizika mimi, wala hazitakwisha."

Basi akawa na nafasi ya kulala kuliko zamani. Na hapo ndipo kosa lilipoingia, kama ni kosa. Chini ya lori la dizeli mtu hulala kwa kuchagua. Hapa panadondoka oili, pale pana joto la injini, kule bomba la moshi bado linachoma. Chini ya bubu hakuna kinachodondoka na hakuna joto. Baba ndiye aliyegundua wa kwanza. Aliniita niweke kiganja changu pale chini, nikaweka, na ardhi ilikuwa baridi kama pahali ulipotoka mtungi wa maji.

"Umeona?" akaniambia. "Hapa hata shuka nyeupe unatandika."

Wenzake walimcheka kwamba siku hizi amehamia hotelini, sasa bado kuletewa chai kitandani. Kisha nao wakahama. Kila bubu lilipoingia kuchaji, maboksi yalilifuata chini yake.

Nyumbani mama alihisi kitu kabla sijasema. Alikuwa akichambua nguo za kufua, akalinusa shati la baba, akalinusa tena. Alisema kwamba zamani alikuwa akiichukia ile dizeli, lakini sasa shati halinuki kitu, linanuka kama la mtu aliyewekwa tu. Baba akamwambia ashukuru, sabuni itadumu.

Paka ndiye aliyetangulia. Yadi ilikuwa na paka jike wa rangi ya majivu aliyezoea kulala juu ya gurudumu la nyuma, akishuka mara stata inapopigwa, bila haraka, kama abiria aliyefika. Siku moja bubu liliondoka kwenda bandarini, likaacha nyuma yake kitu kilichobandikwa kwenye vumbi. Hakuna aliyesikia mlio wowote. Mlinzi wa geti alikikwangua kwa sepeto. Nilimtazama baba, naye alikuwa akiitazama ile sepeto.

Jioni, tukitembea kurudi nyumbani, nilijikaza nikamwomba asilale tena chini ya yale ya stima. Mimi na baba hatusemi mengi njiani, kwa hiyo alisimama kabisa kunisikiliza.

"Mwanangu," akasema, "paka hajui waya."

Akanieleza. Alikuwa amelichunguza jambo hilo mapema. Waya ukiwa umechomekwa, bubu haliendi hata dereva akitaka, kijana wa bara alimwonyesha mwenyewe. Na wakati linachajiwa, feni ya mashine huvuma. Kwa hiyo yeye hulala feni ikivuma tu. Ikinyamaza, anaamka. Amesikiliza magari maisha yake yote, akaniuliza, atashindwa kusikiliza feni?

Tukaendelea kutembea. Lakini niliendelea kufikiri, polepole kama ninavyoandika, na nikafika hapa: ngurumo ya dizeli huanza penye kimya, ndiyo maana humwamsha mtu. Ya feni ni kinyume. Inambembeleza akiwa amelala, na hatari huja ikishanyamaza. Nani anayeamshwa na kimya? Wazo hilo lilinikaa kifuani. Nikishona, nilikuwa nikijikuta nimesimamisha sindano hewani, nikisikiliza feni.

Ilinichukua muda kupata moyo wa kusema na yule kijana. Alipopita karibu na turubai langu nilimwita, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliisikia sauti yangu. Hakunidharau. Aliniambia lori lake lina vioo na kamera, huona nyuma na ubavuni kote. Nikamuuliza, na chini? Akafikiri. Chini hakuna kamera, alisema, lakini kwa ajili ya mzee atakuwa akigonga bodi kabla ya kupanda. Na kweli, alikuwa akigonga. Nilikuwa nikisikia ngo, ngo, ngo ya kiganja chake kwenye bati, kisha naona maboksi yakitoka, na mimi ndipo narudi kwenye sindano.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto lisilo na upepo. Bubu lilikuwa limechomekwa, kontena tupu juu ya tela, na baba chini yake peke yake, maana wenzake walikuwa wameenda kula. Jua lilikuwa limenihamisha pahali pangu, nikawa nashona ng'ambo ya yadi, upande wa nyuma wa lori. Kutoka pale niliziona nyayo zake zikinielekea. Mafundi wote hulala wamenyooka katikati, kwa urefu wa lori. Ni mazoea ya kazi, hakuna anayekumbuka yalianzaje, na anayelala mkingamo huchekwa kuwa bado mgeni.

Kisha stima ikapotea. Ilipotea mtaa mzima. Mashine ya kusaga unga iliyo ng'ambo ya barabara ilishuka sauti mpaka ikafa, na redio ya kinyozi ikakatika katikati ya neno. Feni ya mashine ya kuchajia nayo ikanyamaza. Nilizitazama nyayo za baba. Hazikutikisika.

Nilijiambia kwamba dereva hayupo. Alikuwapo. Alitoka kibandani na simu sikioni, akiitikia ndiyo, ndiyo bosi. Baadaye alitueleza alichokuwa akiambiwa: zamu yake bandarini imesogezwa mbele, na kwa kuwa stima haipo, aende na ile iliyokwishaingia kwenye betri. Alichomoa waya kwa mkono mmoja, akautundika vizuri pahali pake. Simu bado ilikuwa sikioni. Nilingoja agonge. Akapanda, akafunga mlango, akapandisha kioo.

Nilisimama. Turubai lilikuwa zito, likanivuta, nikalivuka kwa magoti na kukimbia. Niliita, "Baba!" Sauti yangu ni ndogo hata nikiwa na hasira, lakini siku ile ilitoka yote, na waliokuwa nje ya geti waliisikia. Dereva hakuisikia. Baba alikuwa ndani ya usingizi, na usingizi wake ulikuwa umejifunza kungoja ngurumo, si sauti ya mtoto. Lori lilikuwa limeshaanza kwenda.

Likapita juu yake. Magurudumu ya nyuma yalikuja upande wa miguu, kulia na kushoto, yakayafuata mapaja, kifua, kichwa, na mimi sikuwa na pa kushika. Sikusikia chochote ila changarawe ikisagika. Kivuli kikamtoka kama shuka inayovutwa, jua likaanzia nyayoni likapanda mpaka usoni. Na baba akabaki katikati ya yadi, peupe, juu ya boksi lake, mikono tumboni. Alikuwa bado amelala. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho. Si magurudumu. Ni vile alivyokuwa bado amelala.

Jua likamchoma, akakunja uso, akaweka mkono juu ya macho. "Nani kaondoa lori?" akauliza, kama mtu aliyenyang'anywa mto.

Kisha akaniona nimepiga magoti mbele yake, akayaona magurudumu yamechora mistari miwili upande huu na upande huu wa boksi, na mkono wake mwenyewe ukaenda kifuani. Kwenye shati palikuwa na alama ya grisi, nyembamba, iliyonyooka, kutoka kitovuni hadi karibu na shingo. Kitu fulani kilichoning'inia chini ya tela kilikuwa kimemgusa njia nzima. Aliitazama kwa muda, na niliona akivuta pumzi kidogo kidogo, kwa uangalifu, kana kwamba lori bado liko juu.

Mlinzi alilisimamisha bubu getini. Kijana alirudi mbio, akapiga magoti upande wa pili.

"Mzee, sikukuona. Haki ya Mungu sikukuona."

"Hukuniona, na mimi sikukusikia," baba akamwambia. "Hakuna aliyemkosea mwenzake. Hilo ndilo baya."

Watu walikuwa wamejaa. Yule dereva mzee, aliyelipa lori jina, akasema malaika alipita akamkuta fundi amelala, akaona haya kumwamsha. Watu wakacheka, wakacheka kupita kiasi. Baba naye alicheka. Akaomba maji, na mengi aliyamwaga.

Baada ya hapo walibandika tangazo kwenye geti kwamba ni marufuku kulala chini ya magari. Hawakubandika kivuli. Kwa siku kadhaa watu walikaa juani wakijifunika vichwa kwa maboksi, kisha mmoja akaingia, na mwingine. Baba alikuwa wa mwisho kurudi, lakini alirudi. Yeye ni fundi, kazi yake iko chini, na hata ile kazi kidogo iliyobaki haifanyiki akiwa amesimama. Kwa kulala, hasemi kama analala. Anasema anapumzisha mgongo.

Nyumbani halali bila redio. Mama akiizima, yeye huketi kitandani na kuuliza nini kimetokea.

Mimi nilitafuta njia ya kuungana naye nikiwa kazini. Nilichukua uzi wangu wa kushonea, nikaufunga kwenye kidole gumba cha mguu wake, na ncha nyingine kwenye mkono wangu, ili nikiona dereva anakwenda mlangoni niuvute. Mara ya kwanza baba aliudhika, ya pili akaninyooshea mguu mwenyewe. Siku moja mama alituletea chakula, akauona ule uzi. Aliweka bakuli chini. Hakusema na baba, alisema na mimi, kwa sauti ya chini.

"Vidole vya miguu hufungwa vya maiti. Fungua."

Nilifungua. Sasa naufunga kwenye kifundo cha mkono wake. Nalishona turubai kwa mkono mmoja unaovutwavutwa kila baba akigeuka, na ukikaa muda bila kuvutwa, nauvuta mimi, nione kama atajibu.

Lakini malori ya dizeli yanaondoka yadini moja baada ya jingine. Wiki hii mafundi wa stima wamekuja kutoboa ukuta wote, kutoka geti hadi choo, na kila pahali walipotoboa itafungwa mashine. Nimeambiwa mabubu mengine yako njiani, na madereva wake ni wageni tusiowajua. Watu wa kulala chini ni wale wale. Mimi nina mikono miwili, na mmoja wa kushonea. Yule kijana wa bara bado anagonga bodi, sasa anagonga mpaka wenzake wanamkemea, na akishagonga huinama akatazama chini, kisha huzunguka upande wa pili akatazama tena. Wageni sijui.

Ndiyo maana nimeandika, ingawa kuandika kunanichosha. Huenda huko mliko mabasi na malori haya yamefika kabla yetu, na kuna yadi na gereji na vituo ambako watu hulala au hufanya kazi chini ya magari. Niambieni mnafanyaje ili aliye chini ajue kwamba gari linaondoka, na aliye juu ajue kwamba chini kuna mtu. Kama mmepata njia, hata ndogo, hata ya kuchekesha, niandikieni kupitia kwa huyu aliyechapa haya, naye atanifikishia. Msijali mwandiko. Andikeni upesi kuliko mimi.